Aliyeitika kwa Jina la Evelina

Sehemu ya Saba

"Evelina Ndalahwa? Huyo hayupo. Ndugu zake wamekuja kumchukua alasiri hii."

Hayo ndiyo maneno, msomaji, yaliyomgandisha binti yetu getini Ijumaa ile jioni. Hapo ndipo tulipomwacha, mkono mmoja ukiwa juu ya chuma cha geti, na mwingine umeikamata kola ya sweta lisilo lake.

Kwa maana Evelina Ndalahwa alikuwa yeye mwenyewe.

Matroni Suzana, aliyeyatamka maneno hayo, hakumtazama hata usoni. Aliona sweta la kijani, akaona mwanafunzi wa kutwa aliyekuja na kipande cha sabuni akidai amemletea rafiki yake wa bweni. Hilo lilimtosha.

"Umesikia, binti," alisema Mzee Elias, mlinzi. "Rafiki yako hayupo. Nenda nyumbani, jua linazama."

"Nani amemchukua, matroni?"

"Mama yake mdogo. Bibi yake mzaa mama amezidiwa huko kisiwani. Maskini yule mama alilia mpaka na mimi nikatokwa na machozi."

Evelina alihisi baridi ikimpanda kutoka kwenye nyayo.

Mama yake alizaliwa peke yake. Hakuwa na mdogo wala mkubwa. Na huyo bibi anayesemwa kuwa mgonjwa alizikwa kabla Evelina hajazaliwa.

"Mzee Elias, naomba niingie msalani mara moja tu."

"Harakisha. Nisikutafute."

Hakwenda msalani. Alipopita kona ya jiko alianza kukimbia.

Kwa wale wanaoungana nasi leo, ielezwe kwa ufupi ilikuwaje. Sekondari ya Mawe Mapana, iliyojengwa kwenye mteremko kati ya vitongoji vya Pasiansi na Kiseke, karibu na ziwa, ina wavulana na wasichana wengi kiasi kwamba walimu wake hawawezi kuzijua sura zote. Basi hutambuana kwa rangi. Wa bweni huvaa sweta jekundu la damu ya mzee, wa kutwa huvaa la kijani. Kengele ya mwisho ikilia, kijani hutoka na nyekundu hubaki. Mlinzi hatazami uso, hutazama kifua.

Mchana wa siku ile Evelina alikuwa amebadilishana sweta na Gladness Maige, binti wa kutwa, rafiki yake wa dhati. Evelina atoke, Gladness abaki bwenini na kuitika jina la mwenzake wakati wa kuhesabiwa. Kabla ya chakula cha jioni Evelina angerudi, nao wangerudishiana.

Wanafunzi wa Mawe Mapana wamelifanya jambo hilo mara nyingi. Halijawahi kumdhuru mtu.

Favour, anayelala kitanda cha chini yake, alikuwa ameketi bwenini bila hata kuchukua sahani yake ya chakula. Alipomwona Evelina aliruka kama aliyeona mzuka.

"Afadhali umerudi! Eve, huyo Gladness wako ana wazimu!"

"Niambie yote. Haraka."

"Kipaza sauti kiliita. 'Evelina Ndalahwa wa kidato cha nne, ofisi ya matroni.' Tukanyamaza. Kikaita tena, Gladness akasimama. Nikamvuta sketi. Nikamwambia, we, kaa chini, hilo jina si lako! Akasema, 'Nimemwahidi nitaitika. Nisipoitika watajua hayupo.'"

"Halafu?"

"Halafu kuna mama mmoja, kitenge safi, wigi zuri. Akamkumbatia palepale mlangoni. 'Mwanangu Evelina! Mwanangu Evelina!' Analia machozi kabisa, shoga."

"Akamkumbatia Gladness?"

"Akamkumbatia Gladness."

"Na hakushtuka?"

Ni hapo tu Favour alipoelewa alichokuwa anaulizwa. Mama mdogo aliyemkumbatia mtoto asiye wake, akamlilia begani, asishtuke hata kidogo.

"Hakushtuka," alisema kwa sauti ndogo. "Gladness ndiye aliyeshtuka. Lakini alipopita hapa kuchukua kandambili alininong'oneza, 'Acha iwe hivi. Wananitoa getini wao wenyewe. Nikifika nje nitawaambia mimi siye, kisha nitembee zangu mpaka Kiseke.'"

Evelina aliketi chini sakafuni.

Aliielewa akili ya rafiki yake kana kwamba ni yake. Mwanafunzi wa kutwa huamini kwamba hatari zote ziko ndani ya uzio: fimbo, adhabu, mwalimu wa nidhamu. Nje ya geti ni nyumbani. Gladness hakujua kwamba siku hiyo mambo yalikuwa yamegeuka.

"Nyamaza tu, Evelina," Favour alisihi. "Vaa sweta langu la akiba, ulale. Wakijua ulitoroka wanakufukuza. Mtihani wa taifa ndio huo unakuja. Na wewe Jumatatu una mahakama!"

"Wamemchukua kwa sababu ya hiyo Jumatatu."

"Masele?"

"Nani mwingine?"

Jina hilo, msomaji, tumelisikia tangu mwanzo wa hadithi hii. Masele ni mwenye boti za abiria. Boti yake moja ndiyo iliyozama katika upepo wa jioni pamoja na watu iliyowabeba, akiwamo mama yake Evelina. Nahodha wake, Zadok Oyoo, yuko mahabusu, na dunia nzima inasema ni yeye aliyejaza watu kwa tamaa. Dunia nzima, isipokuwa binti mmoja aliyekuwa amesimama ufukoni karibu vya kutosha, akasikia Masele akimfokea Zadok: "Pakia wote, na usinieleze habari za upepo."

Jumatatu binti huyo angesimama mbele ya hakimu na kuyarudia maneno hayo. Mchana huu alikuwa ametoroka kwenda kwa mke wa Zadok, mama wa watoto wadogo, aliyeomba kusikia kwa masikio yake kama kweli kuna mtu atakayemsemea mume wake.

"Gladness yuko na watu wasioijua sura yangu," alisema Evelina. "Unadhani watamfanya nini wakishaijua?"

Evelina alikuwa amekwisha fika mlangoni.

Mwalimu Ngosha, mwalimu wa nidhamu, hakuwahi kupendwa na mwanafunzi hata mmoja. Wavulana warefu kuliko yeye walibadilisha njia walipomwona. Evelina alipiga hodi, akaingia kabla hajaitikiwa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Toka. Hodi haijajibiwa." Kisha akainua macho. "Na wewe wa kutwa unafanya nini ndani ya uzio saa hizi?"

"Mwalimu, mimi ni wa bweni. Mimi ndiye Evelina Ndalahwa."

Mwalimu Ngosha aliweka kalamu chini polepole.

"Evelina Ndalahwa ameondoka kwa ruhusa niliyoitoa mimi mwenyewe."

"Aliyeondoka ni Gladness Maige. Tulibadilishana sweta. Yule mama si ndugu yangu, mwalimu. Mimi sina mama mdogo."

"Kila Ijumaa naletewa hadithi hapa," alisema Mwalimu Ngosha. "Hii ni mpya, nakupongeza. Haya, jina lako?"

"Evelina."

"Nimesema jina lako la kweli."

"Evelina, mwalimu! Evelina Ndalahwa, bweni la tatu!"

"Binti, una sweta la kijani."

Hofu iliyomwingia Evelina wakati huo haikufanana na hofu yoyote aliyowahi kuijua. Kwa miaka minne alikuwa amekula, amelala na kusoma katika shule hii. Sasa alikuwa amesimama katikati yake akikiri kosa la kumfukuzisha, na hakuna aliyeamini kwamba yeye ni yeye.

Mwalimu Ngosha alinyoosha mkono kuelekea fimbo.

Ndipo Evelina alipotumbukiza vidole ndani ya kola na kuvuta kamba.

Mwishoni mwa kamba palining'inia ufunguo mdogo wa kufuli. Kila mwanafunzi wa bweni huoga, husali na kulala na ufunguo wa tranka lake shingoni, kwa maana tranka lisilo na ufunguo ni mali ya bweni zima. Wa kutwa hawana matranka.

"Twende bwenini, mwalimu. Tranka langu likikataa kufunguka mbele yako, nichape mpaka uchoke."

Mwalimu Ngosha hakuutazama ufunguo kwa muda mrefu. Alichokitazama ni shingo. Kamba ile ilikuwa imeacha mstari uliopauka kuzunguka ngozi, mstari ambao hauwezi kuchorwa kwa siku moja.

Mkono wake ulishuka.

"Mungu wangu," alisema. "Basi nimemtoa mtoto wa nani?"

Yule mama alikuwa ameacha namba ya simu. Ni sheria ya shule: namba hupigwa palepale mbele ya mzazi, na lazima iite mkononi mwake. Kwa hiyo namba ilikuwa ya kweli.

"Usimpigie!" Evelina alilia. "Atajua tumegundua!"

"Atajua nini? Mimi ni mwalimu ninayefuatilia mwanafunzi wangu." Mwalimu Ngosha alikuwa amekwisha bonyeza. Alifungua spika, akaweka kidole mdomoni.

Simu iliita. Ikaita. Ikapokewa.

"Haloo?" Sauti ya mwanamke, tamu na yenye haraka.

"Habari za safari, mama. Ni Mwalimu Ngosha wa Mawe Mapana. Evelina amesahau dawa yake ya pumu, nasi tumepata wasiwasi."

"Ah, mwalimu, asante sana. Tutamnunulia huku."

"Dawa hiyo ina vipimo vyake. Naomba niongee naye nimwelekeze."

"Network yenyewe mbaya huku..."

"Akibanwa usiku, mama, nitaijibu nini serikali?"

Kisha mkwaruzo, na sauti iliyomfanya Evelina aume kiganja chake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Evelina. Hujambo?"

"Sijambo, mwalimu." Gladness alikuwa akitetemeka, ilisikika katika kila silabi. "Tunakwenda kumwona bibi."

"Mko wapi sasa?"

Nyuma yake zilisikika kelele za watu, injini ikikohoa bila kuwaka, na mtu akiita kwa sauti ya kukauka: "Kisiwani! Kisiwani! Ya mwisho hiyo, dada, usiachwe!"

"Mwalimu," Gladness alisema ghafla, kwa haraka, "naomba umwambie Gladness aende nyumbani. Mama yake akirudi kutoka saluni asipomkuta atalia sana. Mwambie..."

Simu ikakatika.

Gladness angeweza kupiga kelele, "Mimi siye!" Hakupiga. Aliendelea kulibeba jina la mwenzake mbele ya watu wale, kwa sababu alikuwa amekwisha elewa ni jina la mtu wanayemwinda.

"Umesikia kitu?" aliuliza Mwalimu Ngosha.

"Boti." Evelina alisimama. "Mwalimu, ni mwalo wa Masele, kule boti zake zinakopakia."

"Mialo iko mingi pwani yote hii."

"Saa hizi haiko mingi. Upepo wa jioni ukianza kila mwalo hufungwa, hakuna anayeruhusu abiria. Ni kwa Masele tu ndiko wanakoita abiria mpaka jua lizame. Ndivyo mama yangu alivyo..." Hakumaliza. "Gladness hajui kuogelea, mwalimu. Hata kukanyaga maji ya ziwa anaogopa."

Mwalimu Ngosha alichukua funguo za gari la shule.

"Wewe unabaki hapa."

"Utamtambuaje? Unaijua sura ya Gladness?"

Mwalimu alisimama mlangoni.

"Ingia garini," alisema.

Njiani aliwapigia polisi. Walisema wanakuja. Alirudia maelezo mara mbili, jina la Masele mara tatu, na kila aliporudia aliongeza mwendo. Upande wa kushoto ziwa lilikuwa limegeuka rangi ya risasi, na juu yake michirizi myeupe ya mawimbi ilikuwa imeanza.

Simu yake ikaita tena.

"Mwalimu, samahani kwa usumbufu. Mimi ni Mama Gladness wa Kiseke. Binti yangu hajafika nyumbani, nikasema labda mmewabakiza kwa masomo ya ziada?"

Mwalimu Ngosha alitazama barabara. Mtu yule aliyetisha shule nzima alikuwa akimeza mate kama mtoto wa kidato cha kwanza.

"Mama," alisema hatimaye, "tunamfuata sasa hivi."

"Mnamfuata wapi? Mwalimu? Mnamfuata wapi mwanangu?"

Evelina aliziba masikio.

Mwalo ulikuwa bado umechangamka. Wanawake walikuwa wakikusanya dagaa wao kutoka kwenye vichanja, ndege korongo wakirandaranda kati yao, na wapakizi wakibeba abiria mabegani kuwapandisha kwenye boti ndefu ya mbao iliyoelekezwa ziwani.

Evelina aliliona sweta kabla ya kuuona uso. Jekundu la damu ya mzee, nyuma kabisa ya boti, karibu na injini. Pembeni yake yule mwanamke mwenye wigi alikuwa ameushika mkono wa Gladness kwa mikono miwili, kama mama anayemfariji mtoto.

"Yule pale."

"Kaa nyuma yangu," alisema Mwalimu Ngosha. Alitembea mpaka ukingoni mwa maji, viatu vikazama. "Mama! Habari za jioni. Naomba mwanafunzi wangu ashuke."

Yule mwanamke alimtazama. Kwa kitambo kifupi uso wake haukuwa na chochote. Kisha ukavunjika kwa kilio.

"Jamani, nisaidieni! Ndiye huyu! Ndiye mwalimu anayemwandama binti yetu! Tumemtoa shuleni kwa ajili yake, na bado anatufuata mpaka huku!"

Mwalo mzima uligeuka.

"Si kweli!" alisema Mwalimu Ngosha. "Mimi ni mwalimu wa nidhamu wa..."

"Mwalimu wa nidhamu!" mpakizi mmoja alicheka kicheko kibaya. "Nidhamu ndiyo hii ya kukimbiza vitoto ziwani?"

"Niitieni polisi! Nimewaita mwenyewe!"

"Tutakuitia, mkwe, usijali!"

Mikono mingi ilimkamata. Mtu alimvua miwani. Evelina alipiga kelele, "Mwacheni, anasema kweli!" lakini sauti yake ilimezwa na sauti za akina mama waliokuwa na mabinti wao nyumbani, wenye hasira ya haki juu ya mtu asiye na hatia. Hilo ndilo lililomtisha kuliko fimbo zilizoinuliwa: watu hawa hawakuwa wabaya. Walikuwa wakimlinda mtoto, na kwa kufanya hivyo walikuwa wakimkabidhi kwa mwizi wake.

Kamba ya boti ilifunguliwa.

Abiria wengine wote walikuwa wameshuka kutazama ugomvi. Hakuna aliyewaita warudi. Mpakizi aliisukuma boti kwa bega, ikaanza kuteleza.

Evelina alikimbia.

Maji yalimfika magotini, yakamfika kiunoni. Aliukamata ubao wa pembeni.

"Mwacheni huyo! Mnayemtafuta ni mimi! Mimi ndiye Evelina Ndalahwa!"

Nahodha wa boti hii alishika usukani asijue la kufanya. Mwanamke yule alisimama, kilio kimekwisha kabisa usoni mwake.

"Wewe ni nani?"

"Nimesema mimi ndiye Evelina. Huyo hahusiki. Mshusheni, mimi nitapanda."

"Mwongo!"

Aliyepiga kelele ni Gladness. Alikuwa amesimama, macho yamejaa machozi, kidole kikimwelekea rafiki yake.

"Msimsikilize, anataka kunisaidia tu! Mimi ndiye Evelina. Huyu ni wa kutwa, hamuoni sweta lake? Mwambieni aende kwao!"

"Gladness, nyamaza!"

"Gladness ni wewe! Nenda nyumbani, Gladness! Mama anakutafuta!"

Mawimbi yaliitikisa boti. Gladness aliyumba, akashika hewa, akaanguka tena kwenye ubao wa kukalia na kuukumbatia kwa mikono yote miwili. Hata hapo hakulitoa jina mdomoni.

"Mimi ndiye Evelina," alilia. "Mimi ndiye."

Mwanamke alimtazama huyu, akamtazama yule. Ufukoni vumbi la gari lilikuwa linaonekana mbali, kwenye kona ya barabara.

"Queen, polisi wale!" nahodha alimwambia. "Amua!"

"Mpandishe na huyu."

"Bosi alisema mmoja."

"Namjua huyo mmoja ni yupi? Mpandishe, washa injini!"

Evelina alivutwa kwa kwapa kama gunia. Kabla hajakaa sawa injini ilikuwa imenguruma, na mwalo umeanza kurudi nyuma: korongo, vichanja, na mtu mmoja bila miwani akijaribu kujinasua mikononi mwa watu ili aingie majini.

Evelina alimfikia Gladness na kumkumbatia.

"Kwa nini umekuja?" Gladness alinong'ona, akimpiga ngumi dhaifu kifuani. "Mjinga wewe. Nilikuwa nimewaweza."

"Ulikuwa unalia."

"Nilikuwa nalia huku nimewaweza."

Hata katika hofu ile walicheka, cheko moja fupi lililofanana na kwikwi. Kisha wakamsikia Queen akizungumza kwa simu.

"Bosi, wako wawili... Sijui! Kila mmoja anasema ni yeye... Hapana, shule ndiyo ilinipa huyu wa kwanza... Sawa. Sawa, bosi, nageuza kamera."

Evelina aliinamisha uso.

Masele aliijua sura yake. Alikuwa akiketi mahakamani akimtazama tangu kesi ianze, safu ya mbele, miguu amekunja nne.

Simu ilisogezwa mbele ya Gladness kwanza. Kioo kiling'aa katika giza jepesi, na ndani yake uso wa mwanamume mnene, mtulivu, aliyekuwa akitafuna kitu.

"Huyo siye," ilisema sauti. "Mwingine."

Simu ikageuka.

"Ahaa." Kutafuna kukakoma. "Evelina. Hunipi shikamoo? Kwenu hawakukufundisha kuamkia wakubwa?"

Evelina alimkazia macho.

"Queen, nilikuagiza mmoja," Masele aliendelea, bila kupandisha sauti. "Na huyo mwingine amekwisha waona nyuso zenu wote. Mimi nategemea kupokea mmoja."

Nahodha alipunguza injini. Boti, iliyokuwa ikikata mawimbi, ilianza kupanda na kushuka juu yake.

Gladness alielewa. Kucha zake ziliingia katika mkono wa Evelina.

"Eve," alisema. "Mimi sijui kuogelea."

"Ninajua."

Evelina alisimama. Boti ilimyumbisha, naye akapanda juu ya ubao wa pembeni, vidole vya miguu vikining'inia upande wa maji, mkono mmoja umekamata nguzo ya turubai, mwingine hajauachia wa Gladness.

"Mzee Masele, nisikilize. Wewe hukunitaka nife. Ungetaka hivyo ungenimaliza zamani. Unanitaka Jumatatu niseme kwamba Zadok alipakia watu kwa akili yake mwenyewe. Sivyo?"

Uso ule ulitulia kwenye kioo.

"Huyu akiingia majini, naingia na mimi. Polisi wako ufukoni, na mwalimu wangu anajua ninyi ni nani. Jumatatu utamsimamisha nani mbele ya hakimu?"

Upepo ulipiga. Queen alijishikilia wigi lake kwa mkono mmoja, simu ikiwa katika mwingine. Nahodha alimtazama binti yule aliyesimama juu ya ubao, akatazama pembeni.

Ilikuwa mara ya kwanza, tangu alipompoteza mama yake, Evelina kumwona Masele akikosa neno. Aliona macho ya mtu yule yakimpima kutoka kichwani, yakishuka mpaka kwenye mkono wake, yakakomea pale vidole vyake vilipofungamana na vya Gladness.

Yakakaa hapo.

Kisha Masele akatabasamu.

"Unajua, binti," alisema taratibu, karibu kwa upendo, "umenitesa sana. Mtu mwenye mama, unamgusa mama. Mwenye ndugu, unamgusa ndugu. Wewe ulikuwa huna kitu. Nilikuwa nalala najiuliza, huyu mtoto nitamshika wapi?"

Evelina aliuachia mkono wa Gladness. Lakini alikuwa amechelewa, na alijua kwamba amechelewa.

"Leo umenionyesha mwenyewe. Queen, walete wote wawili, wasiguswe hata unywele. Jumatatu asubuhi Evelina atarudi mjini na sare yake safi, atasimama mahakamani, atasema ninachotaka kusikia. Na rafiki yake atabaki huku kisiwani na mimi, tukisubiri pamoja habari za alichosema."

Kioo kikazimika.

Injini ikanguruma upya, na pua ya boti ikageuka kuelekea kwenye giza la ziwa. Evelina aliteremka kutoka juu ya ubao, akaketi. Alikuwa amemwokoa rafiki yake kutoka kwenye maji na kumtia mkononi mwa Masele, kwa tendo moja, kwa maneno yake mwenyewe.

Gladness alijisogeza mpaka mabega yao yakagusana. Alikuwa ameloa, meno yakigongana. Alisema sikioni mwake, kwa sauti ambayo Queen asingeweza kuisikia:

"Jumatatu useme kweli, Eve. Umenisikia? Hata iweje, useme kweli."

Evelina, aliyekuwa amejiandaa kwa miezi kulijibu kila swali la mahakama, alilitazama ziwa na asipate jibu.